Uzi maalumu: Bill Withers, fundi wa vyoo vya ndege aliyeingia kwenye soul kwa hiari na kutoka kwa hiari

#1 Mzee wa Santuri

Wakuu, salaam.

Humu jukwaani soul, ule muziki wa Weusi wa Marekani, tumeijadili sana, na nyuzi zetu nyingi huishia msibani. Sam Cooke, risasi, 1964. Otis Redding, ndege imetumbukia ziwani, 1967, umri miaka 26. Marvin Gaye, risasi ya baba yake mzazi, 1984. Leo nawaletea aliyezeeka. Huyu alifika miaka 81, akaacha mjane na watoto wawili wakubwa, na miaka 35 ya mwisho ya uhai wake hakutoa albamu hata moja. Hakufilisika, hakupoteza sauti, hakuwa teja. Hakutaka tu.

Namzungumzia Bill Withers. Kama jina ni geni kwako, nyimbo si ngeni. Ain't No Sunshine ni yake. Lean on Me ni yake. Lovely Day ni yake. Ile sauti ya kiume kwenye Just the Two of Us ni yake. Natumia simu, kwa hiyo nitashusha vipande vipande, mnivumilie.

Alizaliwa tarehe 4 Julai 1938 Slab Fork, jimbo la West Virginia, kitinda mimba wa watoto sita. Slab Fork ni kijiji cha makaa ya mawe. Mwanaume wa pale kazi yake ni kushuka shimoni, na mwanawe akikua naye anashuka. Baba yake alikuwa mchimbaji, akafariki Bill akiwa na miaka 13. Wakati huo wanaishi mji wa jirani, Beckley, analelewa na mama na bibi mzaa mama. Huyo bibi mkae naye kichwani, tutarudi kwake.

Jambo jingine mlishike: alikuwa na kigugumizi. Si kile cha kukwama neno mojamoja, ni kigugumizi cha mtoto anayechekwa darasani mpaka anaamua kunyamaza. Mwenyewe amesema kilimsumbua mpaka alipokaribia miaka 30.

Njia ya kukwepa shimo la makaa ilikuwa jeshi. Akajiunga na jeshi la majini la Marekani, akakaa miaka 9, akajifunza ufundi wa ndege. Alitoka 1965, na 1967 akahamia Los Angeles. Pale alipita viwanda kadhaa hadi kuangukia Weber Aircraft, kule Burbank, akifunga vyoo vya Boeing 747. Nasema vyoo, wakuu, si injini.

Umri umeshapita 30 na muziki bado haujawa kazi yake. Naweka nukta hapa, nikirudi nitaeleza gitaa lilivyoingia.

#2 Fundi Selemala

Naweka kambi. Mzee usije ukapotea kama uzi wa Teddy Pendergrass, mpaka leo tunasubiri sehemu ya tatu.

#3 Binti wa Kigamboni

Eti "si injini" 😂 Endelea baba, tupo.

#4 Mzee wa Santuri

Nimerudi. Selemala, ule uzi utaisha, vuta subira.

Kisa cha gitaa amekisimulia mwenyewe mara nyingi. Yupo Oakland kwenye klabu ambayo Lou Rawls anatakiwa kupanda jukwaani. Rawls kachelewa. Meneja anazunguka ukumbini akilalamika kwamba anamlipa yule bwana dola 2,000 kwa wiki na bado hawezi kufika kwa wakati. Bill akapiga hesabu. Yeye kiwandani analipwa kama dola 3 kwa saa. Halafu Rawls akafika, na akina dada wote wakamgeukia. Bill akaenda duka la vitu vya rehani akanunua gitaa la bei chee, akaanza kujifundisha kati ya zamu na zamu.

Napenda kisa hiki kwa sababu hakina ndoto wala malaika ndani yake. Ni mfanyakazi aliyeona kazi yenye mshahara mzuri zaidi.

Akadunduliza, akalipia rekodi za majaribio mwenyewe, akazungusha. Nyingi hazikujibiwa. Mwishowe zikamfikia Clarence Avant, Mweusi mwenye lebo ndogo ya Sussex. Avant akampa kazi ya uprodyuza Booker T. Jones, yule mpiga ogani wa Booker T. & the M.G.'s wa lebo ya Stax, Memphis. Booker T. akaja na wenzake: Duck Dunn kwenye besi, Al Jackson Jr. kwenye drams, na kwenye gitaa akakaa Stephen Stills. Yaani jamaa wa kiwandani, albamu yake ya kwanza, anapigiwa na watu walioisindikiza sauti ya Otis Redding.

Hela zikakata katikati. Kati ya kipindi cha pili na cha mwisho cha kurekodi ilipita kama miezi sita wakisubiri fedha, naye akaendelea na vyoo vyake. Ukiangalia jalada la albamu hiyo, Just As I Am ya 1971, kasimama nje ya kiwanda na kijisanduku cha chakula mkononi. Hakuvalishwa vile na mtu wa mitindo. Ilikuwa saa ya chakula cha mchana, picha ikapigwa, akarudi ndani.

Sasa Ain't No Sunshine. Aliupata baada ya kuangalia filamu ya Days of Wine and Roses kwenye televisheni, ya mume na mke walevi wanaoangamizana huku wakipendana. Ubeti wa tatu ulikuwa bado hana maneno, akajaza nafasi kwa kurudiarudia "I know" akidhani ataandika baadaye. Wenzake studio wakamwambia acha hivyohivyo. Yeye mgeni, wao magwiji, akatii. Hesabuni siku mkiwa na nafasi: ni mara 26. Na hapo ndipo wimbo ulipo. Mtu ameachwa, anajiambia anajua, anajua, anajua, na hakuna anachoweza kukifanya na huko kujua kwake.

Lebo hata hawakuuamini. Waliuweka upande wa pili wa santuri, upande wa kwanza wakaweka Harlem. Madijei wa redio ndio walioigeuza. Ukafika nafasi ya 3 kwenye chati ya Billboard, ukaleta tuzo yake ya kwanza ya Grammy. Mauzo yalipofika daraja la dhahabu kampuni ikamzawadia kiti cha choo cha rangi ya dhahabu. Utani wa kikazi huo.

Na kuna kisa cha barua mbili. Kiwanda kilikuwa kimempumzisha kazi, halafu siku moja, kwa simulizi yake, zikaja barua mbili kwa pamoja: moja ya kiwanda inamwita arudi kazini, nyingine inamwita kwenye kipindi cha televisheni cha Johnny Carson.

#5 Kinanda cha Usharika

Mkuu naomba nichomekee hapo kwa upande wa ufundi, maana mimi riziki yangu ni kinanda, Jumapili kanisani na Jumamosi kwenye send-off.

Lean on Me ni wimbo wa kwanza kuwafundisha vijana wanaoanza, na kuna sababu. Weka vidole kwenye C: do, mi, so. Usibadilishe umbo la mkono. Sogeza mkono mzima kwenda juu, do re mi fa. Halafu rudi, fa mi re do. Umeshapiga utangulizi wa wimbo uliokaa namba moja Marekani 1972. Hata hutumii funguo nyeusi.

Na ndivyo ulivyotungwa. Alikuwa amejinunulia kinanda cha umeme cha Wurlitzer, hakijui vizuri, akawa anapandisha na kushusha vidole tu kama mtoto. Maneno yakafuata ile ngazi. Msomi wa muziki asingethubutu kutunga hivyo, angeona aibu. Angetaka aweke kodi (chord) ya saba, abadilishe ufunguo, aonyeshe amesoma.

Halafu sikilizeni yale makofi katikati. Ukiutoa ule wimbo ukumbini ukaupeleka kwenye ibada hakuna atakayeshtuka, na jina la Mungu halimo hata mara moja. Ni majirani tu. Alisema mwenyewe kwamba alikuwa akikumbuka watu wa Slab Fork walivyokuwa wakisaidiana, baada ya kufika mji mkubwa na kukuta kila mtu na lake.

#6 Kasuku wa Eastlando

Wazee, mimi nitakuwa yule mbaya wa uzi. Nampenda Withers, lakini tusimpandishe mahali si pake. Sauti ya Otis hana. Mbwembwe za James Brown hana. Kusema mambo ya nchi kama Marvin au Curtis Mayfield hana. Ana nyimbo nne, tano ukihesabu Use Me. Ungetoa zile nne leo tungekuwa tunaongea nini? Jina kubwa, kapu dogo.

#7 Mkwaju Mkavu

Kasuku umesema kweli tupu. Na hizo nne zenyewe ni za kuchezea lifti hotelini.

#8 Mzee wa Santuri

Kasuku, swali lako halali. Mkwaju, wewe pumzika kwanza.

Tuanze na sauti. Ni kweli hapigi kelele. Yeye huimba pale pale anapoongelea, katikati ya kifua, na ndiyo maana mtu asiyejua kuimba anaweza kumfuatisha bafuni bila kuumia koo. Lakini usidhani hana pumzi. Kwenye Lovely Day, 1977, mwishoni anashika neno moja kwa sekunde 18 mfululizo. Jaribu sasa hivi hapo ulipo. Na wakati yeye ameshikilia, bendi haisimami kumshangaa, inaendelea na shughuli zake. Mwingine angeomba taa zizimwe.

Pili, "mambo ya nchi." Mkuu, tafuta Live at Carnegie Hall, imerekodiwa New York tarehe 6 Oktoba 1972, usiku wa mvua. Humo kuna I Can't Write Left-Handed. Anaanza kwa kuongea tu, anaeleza habari za kijana aliyerudi Vietnam bila mkono wa kulia. Halafu anaimba kama huyo kijana anayemwomba mwenzake amwandikie barua kwa mama yake, kwa sababu kwa mkono wa kushoto hawezi. Hakuna kaulimbiu wala ngumi hewani. Withers alivaa sare miaka 9, alijua anaongea na nani. Kwangu mimi hakuna wimbo wa vita ile unaoufikia, na nimesikiliza mingi.

Hata ile bendi, sikiliza ilivyo. James Gadson kwenye drams, Melvin Dunlap besi, Ray Jackson kinanda, Benorce Blackmon gitaa, vijana waliotoka Watts 103rd Street Rhythm Band ya Los Angeles. Ndio waliofanya naye albamu ya pili, Still Bill, 1972. Use Me imejengwa juu ya kinanda cha klavineti kinachochechemea na drams za Gadson zinazojifanya haziko. Ilifika namba 2. Kasuku, wimbo wa mwanaume anayejua anatumiwa na mwanamke, rafiki zake wanamwonya, naye anasema basi niendelee kutumiwa, huo si wa lifti. Usiupige mbele ya wakwe.

#9 Binti wa Kigamboni

Na bibi je? Ulituambia tukae naye.

#10 Mzee wa Santuri

Umenikumbusha, dada yangu.

Grandma's Hands iko kwenye albamu ya kwanza. Ina dakika mbili tu, basi. Mikono ya bibi inapiga makofi kanisani Jumapili, inapiga tari, inamwonya mjukuu asikimbie ovyo, inamzuia mama asimchape. Inavimba na kuuma wakati mwingine. Bibi mwenyewe hatumwoni sura, tunaona mikono tu. Yeye ndiye aliyekuwa akimwambia yule mtoto mwenye kigugumizi kwamba atafika mahali, na nadhani ndiyo sababu wimbo hauna neno hata moja la kupamba. Huwezi kumrembea mtu uliyemfahamu hivyo.

Sasa vijana wa miaka ya 90 mnisikilize. Ule mguno wa mwanzo, "mmm-hmm," ndio kundi la Blackstreet waliouchukua 1996 wakaujengea wimbo wao No Diggity pamoja na Dr. Dre. Ule wimbo ulifika namba moja Marekani, ukaing'oa Macarena. Tulicheza wote disko, hatukujua tunacheza juu ya mguno wa mzee anayemlilia bibi yake.

#11 Binti wa Kigamboni

Weee! No Diggity? Nimeenda kusikiliza zote mbili sasa hivi, nimerudi na vipele mwilini. Mama yangu mkubwa alikuwa na kaseti ya Blackstreet.

#12 Lushois Mutulivu

Bandugu, mie niko Lubumbashi, nawasoma muda mrefu. Mbona hakuna anayetaja Kinshasa? Bill Withers alikuja kwetu.

1974, pambano la Muhammad Ali na George Foreman. Kabla yake lilipangwa tamasha la siku tatu, Zaïre 74, tarehe 22 hadi 24 Septemba, katika Stade du 20 Mai. Foreman akapasuka juu ya jicho mazoezini, pambano likasogezwa hadi 30 Oktoba, lakini wanamuziki walishapangwa, tamasha likafanyika vile vile. James Brown, B.B. King, The Spinners, Celia Cruz na Fania All Stars, Miriam Makeba. Kwetu Franco na TPOK Jazz, na Tabu Ley na Afrisa. Na huyo mzee wenu na gitaa lake.

Picha za lile tamasha zilifungiwa miaka mingi, zikatoka katika filamu Soul Power, 2008. James Brown ndani ya ile filamu anatoka jasho la ndoo nzima. Withers amekaa, peke yake, gitaa la mti, anaimba Hope She'll Be Happier. Uwanja wote wa mpira, na mtu mmoja ananong'ona. Njo vile.

#13 Mzee wa Santuri

Lushois, aksanti sana, nilikuwa nasubiri mtu wa huko aliseme.

Nitie nyama kidogo. Walioandaa ile sehemu ya muziki ni Hugh Masekela, Mwafrika Kusini aliyekuwa uhamishoni, na mwenzake Stewart Levine. Wazo lilikuwa kuwakutanisha Weusi wa Marekani na wa Afrika juu ya jukwaa moja, huku Mobutu naye akipata sifa zake. Wengi waliokwenda walikwenda na onyesho kamili: mavazi, tarumbeta, wachezaji. Withers alifanya kinyume. Ule wimbo ni wa 1971, unahusu mwanamke aliyeondoka na kwenda kwa mwingine, na mwimbaji anamwombea huko alikokwenda awe na furaha zaidi. Mwaka ule wa 1974 ndoa yake ya kwanza na mwigizaji Denise Nicholas, iliyodumu kama mwaka tu, ilikuwa imevunjika. Angalieni uso wake kwenye hiyo filamu halafu mniambie kama anaigiza.

#14 Kasuku wa Eastlando

Sawa, Carnegie Hall nimeisikiliza jana usiku. Ile Harlem ya mwisho yenye dakika kumi na kitu nakupa, mzee, ni moto. Nimeshushwa kiti nusu.

Lakini hujajibu la kapu. Mtu mwenye uwezo huo ataachaje akiwa na miaka 47? Hapo ndipo mimi simwelewi. Kipaji si chako peke yako.

#15 Mzee wa Santuri

Hili ndilo hasa nililofungulia uzi, kwa hiyo tulieni.

Sussex iliyumba, ikawa na matatizo ya kulipa watu, na 1975 ikafa. Withers akahamia Columbia, kampuni kubwa, wote tungedhani ameula. Kule akakutana na maofisa wa kuchagua nyimbo. Alisimulia kwamba mmoja, siku ya kwanza kabisa, alimwambia hapendi muziki wake wala muziki wowote wa Weusi. Mwingine akamshauri arudie In the Ghetto ya Elvis Presley. Fikirini: mtunzi wa Lean on Me, mtoto wa mchimba makaa, anaambiwa akaimbe umaskini kwa maneno ya kuazima. Wakamtaka aongeze tarumbeta na waitikiaji wa kike. Yeye akawa akiwakejeli hadharani wale Wazungu waliojipa utaalamu wa masikio ya watu Weusi.

Alitoa kwao albamu nne kati ya 1975 na 1978, moja kila mwaka. Ya tatu, Menagerie, ndiyo yenye Lovely Day. Baada ya hapo kimya cha miaka saba. Hakuwa amekauka, mawazo yake hayakukubaliwa, akawa anaimba kwenye kazi za wengine. Just the Two of Us haikuwa ya Columbia kabisa: ilikuwa ndani ya albamu ya mpiga saksafoni Grover Washington Jr., Winelight, 1980. Ralph MacDonald na William Salter walimpelekea wimbo, akasema sawa, lakini niguse maneno. Ukafika namba 2 na Grammy juu. Yaani wimbo wake mkubwa wa muongo ule aliufanyia nyumba ya jirani.

1985 wakamruhusu kutoa Watching You Watching Me. Ikapita bila kishindo. Akafunga sanduku la zana akaenda nyumbani.

Sasa Kasuku, wewe unaona mtu aliyetupa kipaji. Mimi naona mtu aliyeanza muziki akiwa na kazi nyingine mkononi. Wenzake wengi walianza wakiwa watoto, kanisani au mtaani, jukwaa ndilo lililowalea, wakitolewa pale hawajui wao ni nani. Withers aliingia keshapita miaka 30, keshakuwa mwanajeshi, keshakuwa fundi, keshawahi kuamka saa kumi na moja alfajiri kuwahi zamu. Alijua bosi mbaya anafananaje, na alijua kwamba kuacha kazi hakuui. Ndiyo maana nyimbo zake hazibembelezi mtu.

#16 MamaNasra

Wakubwa shikamooni, wadogo marahaba. Huwa nasoma tu, leo nachangia.

Mmemsahau mke. Alimuoa Marcia Johnson 1976, wakapata Todd na Kori, na huyo Marcia ndiye aliyekuja kusimamia kampuni za haki za nyimbo zake. Kila redio ikipiga Lean on Me, kila tangazo likitumia Lovely Day, kila mtoto wa rap akikata kipande, kuna mtu wa nyumbani anayefuatilia. Kundi la Club Nouveau waliurudia Lean on Me 1987 ukarudi namba moja, na Grammy ya mtunzi ikaenda kwa Withers huku amekaa sebuleni. Huyo ni mtu aliyeacha kazi au aliyeipanga vizuri?

Wangapi tunawajua, huku kwetu na huko kwao, wanaitwa malegendi na kodi ya nyumba inawashinda? Kaka Kasuku, kipaji si chake peke yake, sawa. Na mgongo je, ni wa nani?

#17 Fundi Selemala

MamaNasra kafunga goli la kichwa.

#18 Mkwaju Mkavu

Bado nasema nyimbo za lifti. Ila "mgongo je" nimeicheka.

#19 Kasuku wa Eastlando

Mama, hapo umenipata kwa hesabu, si kwa moyo. Mimi ni mchoyo wa muziki. Ningetaka albamu kumi zaidi, hata kama tatu zingekuwa mbovu. Stevie Wonder ana mbovu zake na hatumdai kitu.

#20 Mzee wa Santuri

Hapo sikubishii, kila mtu na tamaa yake. Na umemtaja Stevie mwenyewe. Tarehe 18 Aprili 2015, Cleveland, Withers alipoingizwa kwenye Rock and Roll Hall of Fame, jumba la heshima la wanamuziki, Stevie Wonder ndiye aliyemtambulisha, kisha akaimba Ain't No Sunshine huku mwenyewe amekaa pembeni yake anasikiliza. John Legend akachukua Use Me. Kwenye Lean on Me wakamvuta mzee, akaitikia mistari kadhaa. Watu walitarajia atachukua maiki arejee rasmi. Alichofanya ni kutoa hotuba ya utani iliyowavunja mbavu, akarudi kwenye kiti chake. Kijana aliyekuwa hawezi kumaliza sentensi, sasa ukumbi mzima unamngoja amalize utani.

Alifariki Los Angeles tarehe 30 Machi 2020, moyo. Familia ikatangaza siku chache baadaye. Mnakumbuka wiki zile: mipaka imefungwa, kila mtu ndani. Na kule nje watu walikuwa tayari wanaimba Lean on Me, wauguzi hospitalini, majirani madirishani, kabla hata habari ya kifo haijatoka.

#21 Kinanda cha Usharika

Mkuu, kwa anayeanza, aanzie wapi? Usiniambie mkusanyiko wa nyimbo bora, hizo nne nishazipiga mpaka vidole vina sugu.

#22 Mzee wa Santuri

Anza na Still Bill, yote, kwa mfululizo wake, usirukeruke. Kuna Who Is He (And What Is He to You)? humo. Mume na mke wanatembea, wanapishana na mwanaume mwingine anayemkazia macho mume, na mke anaangalia chini. Sikiliza besi ya Dunlap inavyozunguka palepale, ndiyo wivu wenyewe. Halafu Kissing My Love, ule mlango wa drams za Gadson umekatwakatwa na watu wa hip hop kwa miaka. Baada ya hapo Carnegie Hall, kwa spika kubwa kama zipo. Just As I Am iweke ya tatu. +'Justments ya 1974 iache mpaka siku umeachwa, itakufaa.

Za Columbia, chukua Menagerie. Nyingine unaweza kuishi bila hizo, na nadhani hata yeye aliweza.

#23 Kinanda cha Usharika

Nimeanza na hiyo ya mke kuangalia chini. Jumamosi nina send-off, najiuliza kama nikiipiga bwana harusi atanilipa.

#24 MamaNasra

Chukua hela kwanza.